Redio Haikusema

Bagamoyo, Jumanne, baada ya alasiri

Mwanangu Hamisi,

Sikuanguka baiskeli. Naanza na hilo kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka, na karatasi itakwisha sijasema neno. Mkono wangu wa kushoto ulivunjwa na Kibwana kule Miono, kwa mpini wa jembe, na wewe umekwishajua, maana utingo wa lori lililonileta nyumbani hana siri. Nimejua kuwa umejua leo asubuhi, nilipofungua sanduku lako kuweka kalamu, nikakuta kisu cha mama yako cha kuparia samaki kimefungwa ndani ya shati jipya la shule.

Nimekirudisha jikoni. Mama yako sikumwambia. Lakini lori lako la kesho linapita Miono kupakia mahindi kabla ya kushika njia ya Tanga, na Kibwana ni mmoja wa wabebaji wa magunia pale, na mtu aliyekusudia hakosi kisu njiani. Kwa hiyo nakuandikia sasa, wakati umekwenda kumuaga bibi yako. Barua nitakutia mkononi ukipanda, uisome kabla hamjafika.

Habari za chandarua, sabuni na viatu mama yako ameshakuambia mara tatu. Mimi nataka ujue kwa nini mtu yule alinivunja mkono, na kwa nini nilikwenda kwake mwenyewe, bila kuitwa.

Unalijua lile sanduku la mbao lililopasuka, uvunguni mwa kitanda changu, ambalo zamani ulikuwa ukichezea waya zake. Hiyo ilikuwa redio yangu. Niliiunda wakati wa vita, nikiwa karani mpya wa boma, wewe bado unatambaa. Alinifundisha karani wa posta, Mgoa mmoja aliyekuwa na kitabu cha michoro. Waya wa shaba niliuzungusha juu ya kipande cha mwanzi, mizunguko sitini, kila mzunguko nikiusukuma kwa ukucha mpaka ulale sawa na mwenziwe. Taa yake, ile ya kioo inayowaka wekundu kidogo ndani, niliiagiza Dar es Salaam kwa fundi wa Kihindi, ikaja imeviringishwa kwa pamba. Betri ilikuwa ya gari, kuukuu. Kila baada ya wiki mbili niliifunga nyuma ya baiskeli nikaipeleka shamba la mkonge ikatiwe umeme, na asidi yake ikanitoboa suruali mbili za kazini. Waya wa kunasia sauti ulitoka kwenye paa letu mpaka mnazi wa jirani. Waya mwingine niliushusha ardhini, kwenye bamba la shaba nililolifukia karibu na kisima, na kila siku nilipamwagilia pale maji kama mtu mwenye mche, kwa sababu ardhi ikikauka sauti hufifia.

Jioni tatu za kwanza sikusikia kitu ila mkwaruzo, kama mtu anakaanga dagaa. Jioni ya nne ikaja sauti ya mtu anasoma habari kwa Kiingereza, taratibu, kama yumo chumba cha pili. Nilihisi kama nimefanya jambo la hatia, kisha nikahisi kama nimepandishwa cheo.

Nilitengeneza meza yake, nikaweka saa, taa ya mafuta na daftari. Kila nilichokisikia nilikiandika: saa, mahali sindano iliposimama, na maneno. Neno nisilolisikia nililiwekea kistari. Huo ulikuwa utaratibu mzuri, na hata leo sioni kosa lake.

Visikizio vilikuwa viwili, vimeunganishwa kwa utepe wa chuma wa kupita kichwani. Niliukata ule utepe, nikabaki na kimoja, na kimoja akashika rafiki yangu Rajabu, mshonaji. Rajabu hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Alipenda kusikia tu. Alifumba macho, kichwa kimeinama, na mtu akimwita anasema, "Subiri, Mzungu anaongea."

Watu wakaanza kuja kibarazani. Magazeti yalikuwa machache, na habari za boma zilikuja zimechelewa. Wakanipa jina.

"Karani Masikio! Leo wamechinjana wapi?"

"Mwacheni ameze mate kwanza."

"Hayo ya Wazungu tumechoka nayo. Muulizeni sukari inakuja lini."

"Sukari haipandi kwenye waya, wewe."

Nilipendezwa, Hamisi. Bomani nilikuwa mtu wa kuitwa kwa kengele. Kibarazani kwangu watu walioniona nazaliwa walinisogezea mkeka na kunyamaza nikifungua kinywa. Nakueleza hili kwa sababu baadaye nilijidanganya kwamba nilifanya yote kwa huruma. Huruma ilikuwapo. Lakini ule mkeka nao ulikuwapo.

Miongoni mwa waliokuja alikuwa Zena, mke wa Kibwana. Unamjua. Ndiye Bi Zena wa maandazi, mwenye taya lililopinda, ambaye watoto wenzako humwimbia kwa dhihaka wakipita. Kibwana alikuwa vitani. Barua yake ya mwisho nilimsomea mimi, na ilisema kwamba wanapandishwa meli kwenda mbali, hawajaambiwa wapi. Zena alikaa kwenye kidato cha chini kabisa, anasuka ukili wake, na watu wakianza kutawanyika ananiuliza, "Hakuna la Kibwana?" Nasema hakuna. Anasema, "Alhamdulillahi," anakunja ukili, anakwenda.

Jioni moja, radi zikiwa mbali lakini mkwaruzo mkali, nilisikia maneno ambayo nakunakilia kutoka daftarini, maana daftari ninalo mpaka leo:

Meli — askari — Afrika ya Mashariki — imezama —

Hayo tu. Jina la meli ni kistari. Bahari ni kistari. Siku ni kistari. Kama watu waliokolewa au hawakuokolewa ni kistari. Nilivua kisikizio, nikainua macho, na kumbe Zena alikuwa ananitazama usoni muda wote.

"Kuna la Kibwana," alisema. Hakuuliza.

Ningeweza kusema sijui. Kulikuwa na watu kama ishirini pale, wote wamenyamaza wananingoja.

"Meli yao imezama," nikasema.

"Yao?" akauliza Rajabu, bado ameshika kisikizio chake.

"Yao."

Ukili ulimwanguka. Wanawake wakampokea kabla hajafika chini.

Mwalimu wa msikiti wetu alikuwa mtu mwangalifu. Hakukubali mtu azikwe kwa maneno ya kibarazani. Kabla Zena hajaingizwa eda alituita na kusema sheria inataka mashahidi wawili waliosikia kwa masikio yao. Akaniuliza mimi, nikasema nilisikia. Akamuuliza Rajabu.

"Ulisikia kwa sikio lako?"

"Nilisikia, mwalimu. Mimi na yeye, kila mtu kisikizio chake."

"Mlisikia jambo moja?"

"Moja. Waya ni huo huo."

Na mwalimu akaridhika. Tazama jinsi tulivyomdanganya mcha Mungu bila hata kupanga. Mashahidi walikuwa wawili, masikio mawili, lakini aliyeelewa alikuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa amejaza vistari kwa akili yake. Rajabu, Mungu amrehemu, alikufa akiamini kwamba alisikia. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake juu ya jamvi, nikimtazama mwalimu akitikisa kichwa kukubali, na nilijua.

Zena alikaa eda miezi minne na siku kumi, ndani, kwa nguo nyeupe. Ilipokwisha alikaa tena karibu mwaka mzima. Kisha akaolewa na Shabani, mwashi, mtu mpole aliyemtengenezea ukuta uliobomoka na hakutaka malipo. Weka hilo la mwaka moyoni, maana wanaomwimbia hawalitaji.

Vita vilipokwisha, Kibwana alirudi.

Alirudi asubuhi, amevaa koti la jeshi, na alikuta makubadhi ya mwanamume mlangoni kwake. Hakuingia. Aliuliza jirani, akaambiwa yote, akachukua panga kwa huyo huyo jirani, akaja kwangu kwanza. Wewe ulikuwa umeshika mguu wa suruali yangu. Huenda unakumbuka, huenda ulikuwa mdogo mno.

"Nani kasema nimekufa?"

Sauti yake haikuwa kubwa. Nilitazama panga. Lilikuwa la kukatia nazi, jembamba, limenolewa mpaka limepungua. Nikanyoosha kidole kuelekea mezani.

"Si mimi, kaka. Redio ndiyo iliyosema. Mimi nilisikia tu."

Aliitazama kama mtu anayetazama mnyama asiyemjua. Akaipiga mara moja tu. Sanduku likapasuka katikati, betri ikaanguka ikamwaga asidi sakafuni, ule mwanzi wa mizunguko sitini ukaruka ukagonga ukuta. Wewe ulipiga kelele. Kibwana akageuka.

"Ilinitaja jina?"

Hapo, Hamisi. Hapo ndipo ninapotaka uniangalie vizuri. Mtu yule alikuwa ameniachia mlango wa kusema kweli. Kama ningesema haikukutaja, kama ningesema nilikisia, angejua papo hapo ni nani wa kumalizana naye. Nilikuwa na mtoto mguuni, na nimejitetea kwa mtoto huyo miaka yote hii. Lakini sikukufikiria wewe. Nilifikiria shingo yangu.

"Ilikutaja," nikasema.

Akashusha pumzi. "Basi wewe huna kosa," akasema, na akatoka.

Nyumba ya Zena haikuwa mbali. Nilikusukuma uvunguni mwa kitanda, nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa juu ya kitanda. Nilisikia yote. Shabani alikuwa uani anakoroga chokaa. Panga la kwanza lilimpata begani, la pili alilikinga kwa mkono na vidole vikaenda nalo, la tatu lilimpata ubavuni alipokuwa akigeuka kukimbia. Hayo niliyajua baadaye, nilipoandika maelezo ya kesi kwa mkono huu ninaokuandikia. Siku ile nilisikia tu mtu anaita, "Nisaidieni, jamani, nisaidieni," na sauti ile niliijua. Nilikuwa mtu mzima mwenye afya, na nilikuwa na shoka nyuma ya mlango. Sikutoka. Zena alipojaribu kumshika Kibwana mkono, alimpiga kwa kitako cha panga, taya likavunjika. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ilitoka usiku ule. Shabani alikufa siku ya tatu, chokaa bado iko kwenye nywele zake kwa sababu hakuna aliyethubutu kumgeuza na majeraha yale ili amwoshe.

Mahakamani nilikuwa mkalimani. Hakuna aliyeona ajabu. Karani aliyejua Kiingereza vizuri nilikuwa mimi. Kibwana alisimama, akasema, "Redio ilikosea, sawa, ni chombo cha watu. Lakini mke mwema angengoja barua ya serikali." Nikaligeuza neno hilo kwa Kiingereza, bila kukosea hata kidogo. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Jioni ile ile mji ulikuwa umekwishaamua: Zena alikuwa na haraka. Baada ya mwezi ikawa Zena na Shabani walipatana tangu mwanzo. Baada ya mwaka ikawa Zena alinipa mimi kitu ili niseme meli imezama. Hata hilo sikulikanusha, kwa sababu kulikanusha kungeanzisha maswali. Kibwana akahukumiwa miaka saba. Zena akahukumiwa na watoto wa shule.

Umewahi kuniuliza kwa nini kila siku nanunua maandazi kwake na siyali. Sasa unajua. Yalikuwa njia yangu ya kulipa bila kusema, na ni njia mbaya. Anayelipwa hajui analipwa nini, na mlipaji anaanza kujiona mwema.

Mwezi uliopita Kibwana alitoka jela, akaenda kwa mjomba wake Miono. Akatuma salamu kwa mpita njia, na salamu zikasemwa sokoni, mbele ya beseni la maandazi: "Mwambieni Zena bado ana meno mengi. Nakuja kuyahesabu." Watu wengine walicheka. Zena aliendelea kufunga maandazi kwenye karatasi, lakini alimpa mteja wake manne badala ya mawili.

Sikulala siku mbili. Siku ya tatu niliomba ruhusa ofisini, nikawaambia ninyi nina kazi ya kodi huko bara, nikapanda baiskeli.

Nilimkuta Kibwana nje ya nyumba ya mjomba wake, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anachonga mpini wa jembe. Walikuwapo vijana wawili na mjomba.

"Karani Masikio," alisema. "Umekonda. Umeniletea redio nyingine nivunje?"

Vijana wakacheka. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima, toka Bagamoyo. Yote ilinipotea.

"Redio haikukutaja," nikasema. "Haikutaja meli yako. Nilikisia, nikasema. Na siku ile ulipokuja, nilikudanganya. Zena hakuwa na haraka. Hakunipa kitu. Alisadiki neno langu, na mwalimu akalisadiki, na lilikuwa la uongo."

Hakuinuka mara moja. Alipuliza maganda ya mti kutoka kwenye mpini, kama mtu anayemaliza kazi. Kisha akanipiga. Niliinua mkono, ukavunjika kwa mlio niliousikia kabla ya maumivu. La pili mbavuni. Nikaanguka, akanipiga mgongoni, sijui mara ngapi, na nakumbuka nilifikiri neno moja tu: haya ni yangu. Nilikuwa nikiyaogopa miaka minane, na yalipokuja nilikuta kwamba kuyangoja ndiko kulikoniua zaidi. Lakini usinifanye shujaa. Nililia, nikaomba, nikajikojolea. Mjomba ndiye aliyeushika mpini kwa mikono miwili, akaning'inia nao.

"Mwache! Unataka kurudi kule?"

Kibwana akaketi chini, mavumbini, anahema.

"Kila asubuhi," alisema. "Kabla ya uji. Kila asubuhi nilimlaani yule mwanamke. Miaka saba." Kisha akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ungeniua."

Akafikiri. "Ndiyo," akasema. "Ningekuua wewe."

Wala hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehakikisha hesabu, na sote wawili tukakaa tunamfikiria Shabani, aliyekufa mahali pangu akiwa na mwiko wa chokaa mkononi.

Hakunisamehe. Mjomba alinifunga mkono kwa vipande vya mwanzi na kitambaa, na Kibwana akatazama tu. Nilipopandishwa lorini alikuja ubavuni mwa gari akasema, "Ijumaa nitakuja Bagamoyo. Utayasema haya mbele ya watu, na yeye asikie. Usipoyasema, nitarudia nilipoishia."

Leo asubuhi, kabla ya kufungua sanduku lako, nilikwenda kwa Zena. Nilimwambia yote, nimesimama, beseni liko kati yetu. Alisikiliza huku anakanda unga. Taya lake linamfanya aongee polepole.

"Kwa hiyo siku ile uliponitazama ulikuwa hujui."

"Nilikuwa sijui, dada."

"Basi ile eda niliikaa ya nani?"

Akasema kwamba Ijumaa hatakwenda kusimama nje ya msikiti kama mshtakiwa. Wanaume wakitoka kuswali watembee mpaka mlangoni kwake, na mimi niseme hapo, yeye akiwa amekaa kwenye kiti. Nimeshamwambia mwalimu, na ameafiki. Amezeeka sana. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, na mara ya pili alikuwa analia.

Sasa unaelewa, mwanangu, kisu chako kingefanya nini. Ukimchoma Kibwana kesho, Ijumaa haitakuwapo. Watu watakusanyika mlangoni kwa Zena kwa jambo lingine: watasema damu nyingine imemwagika kwa ajili ya mwanamke yule yule, na wimbo utaongezwa ubeti. Mimi nitabaki na ukweli mdomoni na hakuna wa kuusikiliza, kwa sababu baba wa muuaji haaminiwi. Na wewe watakufunga, au yeye atakuwahi. Ana mikono mizito. Najua.

Naogopa Ijumaa. Nina haki ya kukuambia hilo, maana umenizoea nikijifanya siogopi. Wa kuogopwa si Kibwana peke yake. Shabani ana kaka wawili hapa mjini, wakwezi wa minazi, wenye mapanga yao. Kwa miaka minane wamejua ndugu yao aliuawa kwa kosa la chombo. Ijumaa watajua aliuawa kwa neno langu. Sijui watafanya nini. Huenda watatema mate waondoke. Huenda hawataondoka. Yatakayonipata, utaandikiwa na mwalimu, nimemwomba. Nawe ukisikia lolote, usipande lori kurudi. Usije kunilipia. Nimeona kinachotokea mtu anapokuja nyumbani mbio na panga na habari nusu.

Nilitaka kukuachia ushauri mzuri, wa kuandika kwenye jalada la daftari. Sina. Ninalo hili tu: utasoma, utajua mengi kuliko wanaokuzunguka, na watu watakusogezea mkeka. Siku moja watakutazama usoni wakingoja neno ambalo hunalo. Ni vigumu kuliko unavyodhani kusema huna. Mimi lilinishinda nikiwa nimekaa kwangu, nimeshiba, hakuna aliyenishikia panga.

Kesho mtafika Miono kabla ya adhuhuri. Mtakaa kama saa nzima, magunia ni mengi. Utamtambua: ni mrefu kuliko wengine, na sikio lake la kulia limebaki nusu. Anajua unapita, nilimwambia kuwa nina mwana anayekwenda shule. Shuka lorini ujinyooshe, usijifiche nyuma ya turubai. Ni mkubwa wako. Mwamkie.

Asipokuitikia, panda lori uende shule.

Baba yako